Mzee Asiyenunua Samaki

Tangu nirudi Majengo sijanywa kahawa kwa amani hata jioni moja. Nikikaa tu, mmoja wenu ananiuliza, "Athmani, ni kweli ulibeba makasha ya samaki Jeddah ukiwa na shati jeupe la Wafaransa?" Ni kweli. Lakini kila mtu ana namna yake ya kuisimulia safari ile, na katika namna ya Salim wenu hapa barazani mimi nilitumbukia baharini. Sikutumbukia. Niliteleza kwenye barafu, nchi kavu, mbele ya watu. Basi naandika mwenyewe ili yaishe. Mambo ya ajenti, viza na ikama, kile kibali cha kukaa, nayaruka. Waliokwenda wanayajua, na wanaotaka kwenda hawatanisikiliza.

Riyadh

Mwaka huo nilikuwa dereva wa familia ya Kifaransa. Nilikuwa nimeshapita Doha, Dubai, tena Doha, maana mimi nikikaa mahali mwaka wa pili miguu huanza kuniwasha. Bosi alikuwa mhandisi kwenye reli ya mjini iliyokuwa ikichimbwa, ile iliyofanya kila barabara unayoijua leo kesho iwe imefungwa. Mkewe, Madam Anna, alikuwa mwalimu, na kwa kuwa wakati huo wanawake walikuwa hawajaruhusiwa kuendesha, popote alipokwenda tulikwenda wote. Mtu mwema, mwepesi wa kucheka, ila akiudhika hunyamaza.

Ndipo baba yake akaja kumtembelea. Jina lake Hervé, mimi nikimwita Mzee Erve. Alikuwa amepita sabini, mfupi, kifua kama pipa, nahodha mstaafu wa meli za jodari. Nilipokwenda kumpokea uwanja wa ndege aliniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikasema Mombasa. Akadondosha begi.

"Mombasa!" akapiga kelele kwa Kiswahili. "Wewe mwizi! Chai iko wapi?" Akanikumbatia.

Kumbe meli zake zilikuwa zikiingia Kilindini kupakua jodari wa barafu, na Kiswahili alichookota ni cha gatini: amri, matusi ya kirafiki na majina ya vyakula. Tukichanganya na Kiingereza, chake kibovu na changu cha fomu four, tulielewana vizuri kuliko yeye na mkwewe, waliokuwa na Kifaransa kizima cha kuzungumzia na hawakukitumia.

Wiki mbili tu, mzee akaanza kunyauka. Alikuwa akisimama kwenye roshani akitazama vumbi. Ijumaa iliyofuata Madam alikuwa anatimiza miaka arobaini, na mzee akatangaza kwamba karamu ataipika yeye: mchuzi wa wavuvi wa kwao, kwa samaki atakaowaleta mwenyewe kutoka baharini.

"Baba, samaki wako supamaketi," Madam akamwambia.

Mzee akajibu maneno machache kwa Kifaransa. Madam akanyamaza. Kesho yake akanipa ufunguo wa gari kubwa, sanduku la barafu na pesa za samaki.

"Mpeleke Jeddah, Athmani. Lakini Ijumaa usiku nataka awe mezani, mwenye samaki au asiye na samaki. Siku zangu za kuzaliwa zote alikuwa baharini. Umenielewa?"

Nikamwambia nimemwelewa.

Jangwani

Tuliondoka Jumatano asubuhi. Barabara ikashuka ule ukuta wa majabali ulioko magharibi ya Riyadh, na baada ya hapo ni mchanga, ngamia, nguzo za umeme, mchanga. Mimi hupenda. Mzee naye alipenda, akasema ni kama bahari iliyosahaulika kutiwa maji.

Akaniambia habari za kwao. Mji unaandikwa Concarneau, hutamkwa Konkarno. Katikati ya bandari kuna mji mwingine mdogo wa kale, umezungushiwa ukuta wa mawe, maji pande zote. Utotoni mwake nyavu za dagaa zilikuwa za buluu, zikianikwa kwenye milingoti hata gati likaonekana limevaa shela. Wanawake walikuwa viwandani wakipanga dagaa koponi, wanaume baharini, na alfajiri mnada. Baadaye dagaa hawakutosha. Matajiri wa meli wakaingia kwenye jodari, na jodari wakawavuta hadi Afrika. Mwisho meli za Konkarno zikawa hazifiki tena Konkarno. Zinakaa kwetu huku, zinapakua Shelisheli au Mombasa, na mabaharia wanapelekwa na kurudishwa kwa ndege.

"Sasa sikiliza," akasema. "Kwetu mvuvi akirudi hubeba mfuko. Samaki wa kupika, si wa kuuza. Tunaita *godaille*. Kila aliyefanya kazi ana fungu lake."

"Hicho ni kitoweo," nikamwambia. "Hata kwetu, ukisaidia kuvuta chombo, hupewa kitoweo."

"Kitoweo!" Neno hilo alikuwa nalo, akafurahi kama aliyeokota saa yake. Kisha akaendelea. "Jirani yangu, mvuvi wa mashua ndogo, kila jioni anarudi na mfuko. Mimi nahodha wa meli kubwa, narudi kwa ndege na sanduku la nguo. Jirani anamhurumia mke wangu, anamletea bakuli. Anna amekulia samaki wa jirani. Wangu hajawahi kula, hata mmoja. Wangu walikwenda koponi."

Nikaelewa kwa nini Madam alinyamaza.

Mchana tukasimama kwenye kituo cha mafuta kula kabsa, wali wao wa nyama ya mbuzi. Pale hula chini, sinia moja, na magoti ya mzee yalikataa kukunjika. Alijaribu ubavu, akajaribu kupiga magoti, akawa anakula kama anayesujudu. Mafundi wa gereji ya jirani, Wapakistani, wakatazamana, mmoja akatoka akarudi anaviringisha tairi. Mzee akakalishwa juu ya tairi, sinia likainuliwa juu ya ndoo, na mafundi wenyewe wakaja kukaa naye. Tulichelewa sana pale. Kila tukitaka kuondoka, chai nyingine inaletwa.

Baada ya Taif

Hapa kosa ni langu. Nimepita barabara hiyo mara nyingi nikienda umra, na mikono yangu imezoea kwenda moja kwa moja. Kuna kibao kikubwa ajabu juu ya barabara: Waislamu mbele, wengine wachepukie kulia. Katika safari zangu zote sikuwahi kuwa na sababu ya kukisoma. Mzee anahadithia tufani, mimi nacheka, kibao kimepita.

Nilizinduka tulipofika kizuizi cha polisi, mpakani mwa Makka. Askari kijana akainama dirishani, akanisalimu, akamtazama mzee.

"Muslim?"

"Mvuvi," mzee akajibu kwa Kiswahili, kwa fahari.

Askari akanitazama mimi. Nikaeleza kwa Kiarabu changu cha dereva: baba wa madam, Mfaransa, tunakwenda Jeddah kutafuta samaki, njia nimeipita kwa mazoea. Yule kijana akauliza tunatoka wapi. Nikasema Riyadh.

"Kutoka Riyadh mpaka Jeddah kwa ajili ya samaki?" Akamwita mwenzake aje asikie. Yule mwenzake akataka kujua samaki atapikwaje. Mzee akaeleza kwa mikono: viazi, vitunguu, maji, siki. Wakasema siki ni makosa. Hatimaye wakasimamisha malori ili tugeuze, wakatupa chupa za maji na tende, tukarudi nyuma hadi kwenye mchepuko, ambao unazunguka milima kwa mbali na hauna haraka na mtu.

Kandara

Jeddah Madam alikuwa ametutafutia hoteli nzuri ya ufukweni, lakini mzee alipoona mahali penyewe kimya kama hospitali, akasema anataka kulala penye watu. Nikampeleka mtaa wa Kandara, ambako rafiki yangu Makame amepanga, vyumba vya wapangaji wengine juu yake na duka la simu chini yake. Makame ni Mzanzibari, dobi wa hotelini, na asubuhi kabla ya kazi hupika maandazi anayoyapeleka gatini kwa wavuvi.

Alfajiri ya Alhamisi tulikwenda soko la samaki. Jamani! Miaka miwili sikuwa nimeisikia harufu ile. Nilisimama mlangoni nikivuta pumzi hadi Makame akanisukuma. Chewa wekundu wenye madoa, changu, pono wa buluu na kijani, nguru wamelazwa kama magogo, na dalali anapiga mnada kwa kasi hata Mungu tu ndiye aliyejua bei.

Mzee alizunguka, akafunua mashavu, akabonyeza macho, akanusa. Akachagua chewa mzuri. Nikatoa pesa. Akaushika mkono wangu.

"Hapana."

"Ni ghali?"

"Sinunui samaki."

Nikadhani anatania. "Mzee, tumekuja sokoni."

"Tumekuja baharini. Mimi sijanunua samaki maisha yangu yote. Babangu hakununua. Mvuvi akinunua samaki, basi tena, amekwisha."

"Sasa tutawapataje?"

"Kazi," akasema. "Tafuta kazi."

Makame alikuwa akisikiliza huku amekumbatia beseni lake la maandazi. "Yakhe Athmani," akaninong'oneza, "huyu mzee wako kapigwa jua? Pesa unazo, samaki huyu hapa, yeye ataka ajira?"

"Ndivyo alivyo."

"Basi mnunulie kwa siri, umwambie kapewa."

Sitaki kuwaficha, wazo hilo lilinipendeza. Lakini nilimtazama mzee, alivyosimama katikati ya samaki wote wale mikono nyuma, nikaona siwezi. Kama ni samaki wa kununuliwa, Madam alishasema wako supamaketi.

Siku hiyo upepo ulikuwa mkali na mashua zilizokuwa gatini hazikuwa na cha kupakua. Makame akasema yuko nahodha mmoja Mmisri, Rais Sabri, maana kwao nahodha huitwa rais, mteja wake mkubwa wa maandazi, atakayeingia Ijumaa alfajiri. Nikapiga hesabu ya barabara kichwani. Tukiondoka asubuhi mapema tutafika. Tukichelewa kidogo tu, mzee atakuwa jangwani wakati binti yake anakata keki.

"Twende leo," nikamsihi. "Madam alisema hata bila samaki."

"Anna alisema hivyo kwa sababu amezoea bila samaki," akajibu.

Tukalala tena Kandara.

Gatini

Mashua ya Rais Sabri iliingia kunapambazuka. Mabaharia walikuwa Wamisri na Wabangali, wamechoka, wanataniana. Walipomwona Mzungu mwenye mvi amesimama ukingoni anawakodolea macho, utani ukakatika. Mmoja akaanza kuosha makasha. Mwingine akavaa glavu. Wa tatu akalifunika kwa turubai pipa ambalo hadi leo sijui lilikuwa na nini.

Rais Sabri, jitu la sharubu, akamvuta Makame pembeni. "Huyu ni mkaguzi?"

"Hapana, Rais. Anatafuta kazi."

"Kazi gani?"

"Yoyote. Ya asubuhi hii tu. Anataka alipwe kitoweo."

Rais akamtazama mzee kuanzia kofia hadi viatu. "Kwao Ulaya kumekwisha?" Mabaharia wakacheka, na lile turubai likafunuliwa. "Mpe samaki wawili aende zake, mzee wa watu."

Nikamtafsiria. Mzee akatikisa kichwa, akavua saa, akaitia mfukoni mwangu, akakunja mikono ya shati. Rais akamwangalia kidogo.

"Yalla," akasema, akamrushia glavu.

Wakamweka kwenye kuchambua. Sasa huyu alikuwa mtu wa jodari, na bahari hii ina samaki wa kila rangi. Akawa anatia pono kwa changu na changu kwa tasi, kwa bidii na kwa kasi. Mbangali mchambuzi, mtu mwembamba mwenye kilemba cha taulo, alivumilia, akavumilia, kisha akampiga kofi dogo mkononi.

"Mafi, baba, mafi! Halas! Barafu!"

Yaani hapana, basi. Mzee akashushwa cheo, akapelekwa kwenye barafu na sepetu. Hakuona haya hata kidogo, alikuwa anang'aa. Aliimba wimbo wa kwao na kutupa barafu juu ya samaki na juu ya watu. Baada ya muda nikaona anashika kiuno, pumzi zimekuwa fupi, lakini sepetu haiachi. Nikavua viatu. Nikaingia. Nikamwambia, "Mzee, wewe tandaza, mimi nitabeba." Ndipo shati jeupe likapata lililolipata, na ndipo nilipoteleza, kasha kichwani, nikakaa kitako mbele ya gati zima. Rais Sabri alicheka mpaka akashikilia nguzo. Mzee akaniambia kwa Kiswahili safi, "Haraka, wewe mwizi."

Samaki wa mnada walipokwisha kuondoka, waliobaki wakamwagwa sakafuni, Rais akawagawa mafungu, moja kwa kila mtu. Halafu baharia mmoja akageuka kutazama bahari, asione. Mwingine akawa anaonyesha fungu kwa kidole: "Hili la nani?" Yule aliyegeuka anataja jina, na halibishaniwi.

Mzee akanikamata bega. "Kwetu ni hivi hivi! Hivi hivi!"

"Hili la nani?"

"La Mfaransa!"

Lilikuwa na changu wawili, pono mmoja na tasi wa kuhesabika. Kisha likaonyeshwa fungu lenye chewa, mnene, mwekundu, na changu wanne pembeni.

"Hili la nani?"

"La yule aliyeanguka!"

Kurudi

Tuliondoka Jeddah jua limeshakuwa kali, kwa sababu Rais hakukubali tuondoke bila kula ful, yale maharagwe yao, na maandazi ya Makame. Safari hii kibao nilikisoma herufi kwa herufi.

Kwenye milima ya Taif nikamwambia mzee, "Wageni wenu ni wangapi?"

"Wanane."

"Fungu lako halitoshi. Chewa wangu aingie chunguni."

"Chewa ni wako."

"Mimi nakupa."

"Sichukui kitoweo cha mtu." Akafunga mikono kifuani.

Nikaendesha. Tukapita vijiji viwili. Wakati wa sala ya Ijumaa vituo vyote vya mafuta vilikuwa vimefungwa na mshale wetu umelala chini, tukangoja. Nilikwenda kuswali, nikarudi nikamkuta amefungua sanduku, anapanga upya barafu, samaki wangu upande huu, wake upande ule, kama mpaka wa nchi. Mbele zaidi upepo wa mchanga ukatukuta na magari yakawa yanatambaa taa zinawaka. Madam akapiga simu.

"Mko wapi?"

"Njiani, Madam."

"Ana samaki?"

Nikamtazama mzee. "Anao, Madam. Wachache."

Akakata. Nikamgeukia mzee, maana uvumilivu ulikuwa umenishinda. "Kule kwenye meli yako, mpishi akipungukiwa, baharia akitoa samaki wake wakapikwa, ilikuwa vibaya?"

"Hapana. Anayetia chunguni anakula mezani."

"Basi?"

Akafikiri. Mchanga ulikuwa ukipiga vioo. "Basi utakaa mezani," akasema. "Si jikoni. Mezani, na wageni, karibu yangu."

Nikamwambia madereva hawakai mezani na wageni. Akasema basi chewa asipikwe. Nikakubali, kwa ajili ya chewa.

Mezani

Tulifika wageni wameshakaa, wanatafuna zeituni kwa adabu. Madam Anna alisimama. Mzee akampita, ananuka samaki, barafu inamdondoka, akamgusa shavu kwa mkono mmoja na kuingia jikoni moja kwa moja. Hakutoka hadi chungu kilipoiva. Kwanza mkate na supu, kisha samaki na viazi, na siki ambayo wale askari waliikataa. Walikosea.

Nilikaa karibu yake, shati la kuazima la Bosi likinibana. Bosi alinisogezea chumvi.

Madam akala. Kisha akaweka uma chini. "Baba, hawa umenunua wapi?"

"Sikununua," mzee akasema. Akainua mikono yake, malengelenge ya sepetu viganjani. "Mimi fungu langu, Athmani fungu lake. Yeye alikuwa na bahati."

Mgeni aliyekuwa akitafuta mwiba mdomoni aliacha kwanza. Madam akaitazama sahani yake. Akaifuta kwa mkate mpaka ikang'aa. Akainuka, akaenda chunguni, nikadhani anajiongezea. Badala yake akachukua mabakuli kabatini, akayajaza moja moja, chewa kidogo, viazi, mchuzi, akayafunika kwa sahani.

"Athmani, nisaidie kubeba."

Tukatoka kwenye njia ya nyumba za jirani, yeye mawili, mimi mawili. Akabisha mlango wa kwanza. Alitoka Mlebanoni anayefanya kazi na Bosi, amevaa pajama, ameshakula zamani.

"Baba yangu amerudi kutoka baharini," Madam akamwambia, akimtia bakuli mikononi. "Tumewaletea samaki."

Yule mtu akalitazama bakuli, akatazama kulia na kushoto, Riyadh tupu na taa zake na vumbi lake.

"Bahari gani?" akauliza.

Lakini Madam alikuwa ameshafika mlango wa pili.